Mistari Mitatu ya Belesoka

Fomu ya kijiji imeacha mistari mitatu
kwa ajili ya "historia ya eneo".
Karani wa ardhi anagonga kalamu mezani:
Fupisha, Mama Nyanzala. Boti inaondoka saa tisa.

Nafupishaje?
Watoto wa shule wanadhani Belesoka alikuwa mtemi.
Mchungaji anaapa kalisoma kwenye Mambo ya Nyakati.
Ni jina la kijiji cha mbali, kilichozikwa na theluji;
alikuja nalo mdomoni Mrusi mmoja, Bwana Lukishi,
mwaka nzige walipokula mpaka nyasi za mapaa.
Alishuka melini na mke, sanduku la vitabu,
na birika la shaba lenye bomba, zito kama mtoto wa miaka sita.

"Berezofka," alisema, akionyesha majabali matupu.
Babu yangu Lushinge alijaribu.
Ulimi ukairuka r, ukaikwepa z,
ukaangukia salama upande wa pili.

Alijenga juu ya mawe: nguzo nane, baraza la kutazamia ziwa.
Akaagiza miti ya kwao, yenye gome jeupe;
ikafika imekufa. Akaipanda hivyo hivyo,
akaimwagilia msimu mzima.
Akachimbisha shimo la barafu, kina cha watu watatu,
akaliezeka, akalitia mlango na kufuli.
Barafu ikasubiriwa.
Mwishowe Bibi akaomba kuhifadhi humo michembe,
na michembe haikupata fukusi hata mmoja.

Hayo ni ya kuchekesha.

Alizungusha minyaa kutoka Jabali la Fisi hadi ufukweni,
na njia ya maji ikabaki ndani ya minyaa.
Wanawake wakazunguka, mtungi kichwani, alfajiri na jioni,
maili nne pale palipokuwa na hatua mia mbili.
Aliyekatiza alikatwa posho ya chumvi.
Shangazi Holo alikatiza. Alikuwa na mimba ya miezi minane.
Hiyo simalizii.

Usiku mmoja, birika likifuka mvuke, alimwambia Babu:
"Huko kwetu wanakijiji waliichoma nyumba ya baba.
Na kinanda. Na bustani ya matofaa.
Mpaka leo sijui tuliwakosea nini."
Babu alikuwa anafuta vikombe.
Akauliza, kwa upole wa mtu anayeuliza saa:
"Mliwafungia njia ya maji?"

Mwezi mzima hakusemeshwa.
Lango halikufunguliwa.

Alikufa mwaka wa Uhuru, ziwa lilipopanda
likameza nusu ya pamba yake bila kupima mizani.
Mkewe aliondoka na kitabu kimoja.
Birika aliliacha mezani, bado la moto.

Hatukuichoma. Andika hilo, karani.
Tuliigawana taratibu, kama nyama ya arusi.
Mlango wa mbele uko kwa Ng'wandu, fundi baiskeli.
Mabati yaliezeka ghala la ushirika, kisha yakaibwa na katibu.
Nguzo mbili ni goli la shule.
Dirisha kubwa walichukua kina Bugumba,
ambao hawakuwa na ukuta wa kulibeba;
limeegemezwa uani hadi leo, linatazama kuku.
Na birika huchemsha chai ya misiba:
hakuna anayezikwa hapa bila mvuke wa Mrusi.

Minyaa tuliing'oa siku moja, wanawake peke yetu,
mimi nikiwa na miaka kumi na mbili.
Utomvu ulituingia machoni.
Tulirudi tumeshikana mabega, hatuoni,
tunacheka, tunajikwaa, tunacheka,
na Shangazi Holo mbele, yeye hacheki,
anahesabu kwa sauti.

Honi ya boti.
Karani ananisogezea karatasi. Naandika:

Palikuwa na nyumba.
Palikuwa na shimo lisiloona barafu.
Kutoka hapa hadi majini ni hatua mia mbili na nne.